Maduka, Mikahawa na Moto: Uhakiki wa Masimulizi ya Mitaa ya Kale ya Garissa

Miongoni mwa tungo za fasihi simulizi ambazo bado hazijapewa nafasi ya kutosha na wahakiki ni masimulizi ya kumbukumbu za mitaa. Wakaazi wa zamani wa mtaa wanapokutana, hutaja njia ilivyopita, duka lililokuwa pembeni na mwenye duka hilo, mkahawa uliofunguliwa alfajiri, na kilabu kilichofungwa usiku wa manane. Mmoja hutaja, wa pili husahihisha, wa tatu huongeza. Wasomi wengi huyaona mazungumzo hayo kuwa porojo za wazee, au huyaachia wanahistoria. Makala haya yanashikilia kwamba hayo ni utungo wenye fani yake na maudhui yake, na kwamba mji wa Garissa ni mahali panapofaa sana kuupima utungo huo, kwa kuwa hapo mtaa unaosimuliwa haukubomolewa na maendeleo bali uliteketezwa kwa moto.

Kwa upande wa fani, masimulizi haya yana sifa tatu. Ya kwanza ni orodha: majina ya mahali na ya watu hufuatana bila ya kisa. Ya pili ni mwendo: msimulizi hutembea kwa maneno, nyumba hadi nyumba, na hadhira humfuata. Ya tatu ni umiliki wa pamoja, maana utungo haukamiliki mpaka wasikilizaji waukubali. Hapa ndipo unapotofautiana na riwaya ya mjini. Katika Going Down River Road ya Meja Mwangi (1976), mabaa na vichochoro vya Nairobi vipo ili kumdhihirisha mhusika na hali ya tabaka lake. Katika Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi (1999), Unguja ya zama za ukoloni ni uwanja wa mapenzi na siasa. Masimulizi ya mtaa hayana shujaa. Mtaa wenyewe ndio mhusika mkuu, na kuutaja ndiko kuuhuisha.

Maudhui yanaanzia katika majina. Mitaa ya Garissa huitwa bulla, neno lenye nasaba na buulo la Kisomali, yaani kijiji. Lakini pamoja na Bulla Iftin, ambamo iftin ni mwanga kwa Kisomali, kuna Bulla Punda, Bulla Mzuri na Bulla Karatasi, ambayo nusu yake ya pili ni Kiswahili kitupu. Soko mashuhuri la mji huo ni Suuq Mugdi, yaani soko la giza, na suuq hiyo ina asili moja ya Kiarabu na soko la Kiswahili. Orodha ya mitaa, basi, ni ushahidi wa kiisimu. Inaonyesha kwamba Kiswahili hakikuingia Garissa kwa amri ya ofisi peke yake. Watu wa mji walikitumia kuyapa jina makaazi yao. Hata hivyo, watu hao hao wanaovuka daraja la Tana kuelekea Nairobi wamezoea kusema kwamba wanakwenda Kenya. Katika msemo huo mfupi mna mgongano wote wa utungo huu: lugha ya nchi imo katika jina la mtaa, lakini nchi yenyewe iko ng'ambo ya mto.

Mgongano huo ulifikia kilele Novemba 1980. Baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini, askari waliichoma Bulla Karatasi, na wakaazi wakakusanywa katika uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa, wakazuiliwa humo kwa siku kadhaa bila ya chakula wala maji. Watu wengi waliuawa, na idadi yao inabishaniwa hadi leo. Wasomali huyaita matukio hayo Garissa Gubay, yaani kuungua kwa Garissa. Tangu siku hizo orodha ya mtaa ilibadilika dhima. Katika miji mingine, msemaji wa maneno kama “hapa palikuwa na duka” hutaka kuburudisha. Wa Bulla Karatasi hudai haki. Anasema kwamba palikuwa na nyumba, mali, majirani na mwenyewe aliyejulikana kwa jina, na hivyo anawakanusha wale ambao kwao pale palikuwa na maficho ya wahalifu tu. Kile ambacho mhakiki angekiita pambo la fani ndicho hapa kiini cha maudhui.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilifika Garissa kuwasikiliza watu hadharani mwezi wa Aprili 2011, na ripoti yake ilikabidhiwa Rais Mei 2013. Kazi hiyo yapasa kushukuriwa, kwa kuwa ilitia katika kumbukumbu za serikali mambo yaliyokuwa yakinong'onwa kwa miaka 30. Lakini tume ina fani yake pia, na fani hiyo huuliza: nani, lini, wangapi, kwa amri ya nani? Jibu la maswali hayo ni tendo lililotendeka siku moja. Mwendo wa nyumba hadi nyumba hukatwa, na masahihisho ya majirani huondolewa, maana shahidi hutakiwa aseme peke yake. Mtaa huingia katika maandishi siku ya kufa kwake, si siku za uhai wake. Msomaji wa baadaye ataweza kujua jinsi Bulla Karatasi ilivyoungua bila ya kujua ilivyokuwa. Hii si lawama kwa tume, ambayo haikuundwa ili itunze fasihi. Ni lawama kwa wenye kazi hiyo, yaani idara za lugha.

Pamoja na hayo, haifai kuusifu utungo huu bila ya kuuhakiki. Kasoro yake ya kwanza ni utamu. Zamani inaposimuliwa kwa maduka na chai, taabu huelekea kujificha. Hali ya hatari ilitangazwa katika eneo hilo mwishoni mwa 1963 na haikuondolewa hadi 1991. Sheria ya 1970 iliwakinga maofisa wasishtakiwe kwa matendo yao ya 1963 hadi 1967. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walichujwa na kupewa kadi za pekee. Mtaa ulioishi chini ya sheria hizo haukuwa na starehe ya bure. Mkahawa wa chai ulikuwa barza ya Waislamu wa mji. Kilabu cha vileo, kwa kiasi kikubwa, kilikuwa cha watumishi wa serikali, askari na wageni wa bara. Msimulizi anayezitaja nyumba hizo mbili bega kwa bega kama vivutio viwili vya mji mmoja anaufuta mpaka uliokuwa kati yake.

Kasoro ya pili ni kuwasahau wengine. Orodha hupenda wenye maduka. Mama muuza maziwa ya ngamia, aliyekaa chini kivulini bila ya kibao cha jina, hupita upesi. Kadhalika Wamunyoyaya wa ukingoni mwa Tana, na walimu waliotoka bara. Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu Aprili 2, 2015, ambapo watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na walimu wengi wa bara wakalihama eneo hilo. Kumbukumbu ikimwacha jirani aliyekimbia, itakuwa inarudia kwa maneno yale yaliyotendwa kwa moto na risasi: kuamua nani alikuwa wa mtaa na nani hakuwa.

Utungo huu pia unahama. Huko Eastleigh, Nairobi, nyumba ya kulala wageni iliyoitwa Garissa Lodge iligeuzwa maduka mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikawa kitangulizi cha majumba ya biashara yanayoujaza mtaa huo. Jina la mji wa Tana likawa jina la soko la mbali, na kwa vijana wengi wa Nairobi jina hilo liliashiria nguo za bei nafuu kabla ya kuashiria watu. Jina likihama bila ya masimulizi yake, hubaki kibao.

Yafaa basi masimulizi haya yakusanywe jinsi yanavyotungwa: kikundini, kwa mwendo wa njia, pamoja na mabishano yake, na kwa lugha zake zote, Kisomali na Kiswahili, bila ya kuyalainisha majina. Waliokuwa watu wazima mwaka 1980 sasa ni wazee, na kila mmoja anapofariki orodha hupungukiwa na msahihishaji. Asipokuwapo wa kusahihisha, atakayesalia ni msemaji mmoja, na mtaa utakuwa vile atakavyosema yeye.