Mkono Uliomchora Ororo

Mchague Storm, kisha usimguse. Acha vitufe vyote, mwache asimame tu upande wake wa skrini huku saa ikihesabu kutoka 99 kurudi chini. Nywele zake nyeupe zinapepea. Joho linajaa upepo, linalegea, linajaa tena. Pambano halihitaji hayo. Nywele hazipigi mtu, joho halizuii konde, na mchezaji aliyemkodolea macho adui hana hata muda wa kuyaona. Hata hivyo, katika ofisi za Capcom huko Osaka, kabla ya mwaka 1994 kwisha, kuna mtu aliyeketi akachora mapepeo hayo moja baada ya jingine, kwa sababu aliona si haki bibi wa dhoruba asimame pasipo upepo.

Sisi wa pande hizi tuna sababu ya ziada ya kumpenda Ororo Munroe, maana hilo ndilo jina halisi la Storm. Len Wein na Dave Cockrum walipomwingiza katika vitabu vya X-Men mwaka 1975, walimweka Kenya, akiitwa mungu na watu wanaomwendea kuomba mvua, na masimulizi ya baadaye yakamfanya mama yake binti wa kifalme wa Kenya. Ni Kenya ya kubuni, iliyoandikwa na watu walioitazama kwa mbali sana. Lakini mtoto aliye ndani ya banda la gemu hajali hilo. Nimewaona wakimgombania, mmoja anang'ang'ania pedi ya mwenzake na kusema, “Huyo wetu, niachie mimi.” Wachoraji wa Japani hawakujua kwamba wanamchorea mtoto huyo. Walimchorea vizuri vilevile.

Gemu yenyewe ya mwaka 1994 inaitwa X-Men: Children of the Atom, na ilitengenezwa kwa ajili ya mashine za sarafu. Mashine hiyo, CPS-2, ilikuwa na skrini ya pikseli 384 kwa upana na 224 kwa kimo, na kila seti ya rangi za mchoro ilikuwa na rangi 15 zinazoonekana, basi. Kwa rangi 15 mchoraji alipaswa kupata ngozi, kitambaa, chuma, kivuli, na mwanga unaopiga begani. Aliyewahi kuketi karibu na mshonaji wa kofia ya bulibuli hahitaji kuelezwa zaidi: tundu moja likikosewa, ua zima linakwenda upande. Nukta moja ya jicho la Wolverine ikisogezwa, hasira inageuka usingizi.

Na kisha kuna elimu ya kuacha. Huwezi kuchora kila hatua ya konde, nafasi haipo, na hata ingekuwepo konde lingekuwa zito na la kuchosha. Kwa hiyo mchoraji anachagua. Mkono uko kifuani, mara uko usoni mwa adui, na safari ya katikati haikuchorwa kabisa. Jicho la mtazamaji ndilo linaloikamilisha. Lakini baada ya pigo, mkono unarudi polepole, fremu kadhaa, ili uzito wake uonekane na ili mwenzako apate nafasi ya kulipiza. Uchoraji hapo ndio sheria ya mchezo. Ukimchora Juggernaut akichelewa kuinuka, umeshaamua jinsi atakavyoshindwa. Sijui kazi nyingine ya sanaa ambamo mstari wa penseli una mamlaka makubwa hivyo juu ya nani atashinda na nani atashindwa.

Nina kipenzi changu katika michoro hiyo yote, nacho ni ngao ya Captain America. Katika Marvel Super Heroes ya mwaka 1995 anairusha, inakwenda mbele kisha inamrudia. Lakini asipoidaka, akiwa amepigwa au ameruka mahali pengine, ngao inaanguka chini na kubaki hapo. Yeye anaendelea kupigana mikono mitupu, hadi aifikie na kuiokota. Ingekuwa rahisi sana kuifanya ngao imrudie siku zote, na hakuna mchezaji ambaye angelalamika. Lakini aliyemchora alikuwa amemwamini. Aliiona ngao kuwa kitu cha chuma, chenye uzito, kinachoweza kupotea, na akakubali kazi ya ziada ili kuonyesha mwanamume aliyepungukiwa. Kila ninapomwona akikimbia kuelekea ngao yake huku makonde yanamshukia, namhurumia kweli. Vivyo hivyo Spider-Man: hakuchorwa amesimama wima na ngumi mbele, alichorwa ameinama chini, vidole wazi, yuko tayari kupanda ukuta ambao haupo. Aliyefanya hivyo alikuwa amevisoma vitabu vyake akavielewa.

Majina yao hatuyajui vizuri. Wafanyakazi wa Capcom wa miaka hiyo waliandikwa mwishoni mwa gemu kwa majina ya utani. Wachache wakafahamika kwa hayo hayo: Akiman, yaani Akira Yasuda, aliyembuni Chun-Li wa Street Fighter, na Bengus, ambaye mashabiki huutambua mstari wake mara moja. Wengine wengi wamefunikwa na lakabu zao, na mikono yao tunaitazama hadi leo bila kujua tumshukuru nani.

Mambo yalikwenda haraka baada ya hapo. Mwaka 1996 X-Men walikutanishwa na wapiganaji wa Street Fighter, wawili kwa wawili, na mwaka 1998 jina likawa Marvel vs. Capcom. Mwaka 2000 ikatoka ya pili, yenye wapiganaji 56 na timu za watatu watatu, na hiyo ndiyo iliyopendwa kupita zote. Watatu kwa watatu, wasaidizi wanaruka kutoka pembeni kuja kuokoa, mtu anapaa angani na kubadili mwelekeo huko huko juu, mawe ya barafu ya Storm yananyesha skrini nzima. Macho yanachoka kabla ya vidole. Wachezaji wa Marekani waliichimba kwa miaka kumi, na Justin Wong wa New York alitwaa nayo taji la Evo, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, mara nyingi, la mwisho likiwa la mwaka 2010.

Mapenzi hayanifumbi macho. Kati ya hao 56, mashindanoni walionekana wachache: Magneto, Storm, Sentinel na Cable walitawala, wengine wakaitwa kusaidia au wakasahaulika. Magneto hodari akikushika hewani huenda usishuke tena mpaka umekufa. Na Ororo, aliyechorwa kwa fahari ile yote, alikuwa na mtindo mmoja wa kushinda unaouma kuutazama: alimpunguza mwenzake uhai kidogo, kisha akatumia muda uliobaki kukimbia angani hadi saa iishe. Michoro nayo ilirudiwa. Yeye mwenyewe alikuwa bado ni yule wa 1994, na Morrigan alitoka katika Darkstalkers, gemu nyingine ya Capcom ya mwaka huo huo, akasimamishwa mbele ya mandhari ya pande tatu ambayo haikuchorwa kwa ajili yake. Cable ana mkono mmoja wa chuma, wa kushoto, lakini akigeukia upande wa pili picha nzima inapinduliwa na mkono wa chuma unakuwa wa kulia. Haya ni makosa. Yametokana na haraka na kubana matumizi, na mengine yametokana na kutaka kumpa mchezaji zaidi ya kilichoweza kupimwa na kusawazishwa. Nayavumilia kwa sababu hiyo ya mwisho.

Mimi niliijua familia hii kupitia PlayStation ya kwanza, na huko nilipewa iliyokatwakatwa. Kifaa kile kilikuwa na megabaiti 2 tu za kumbukumbu kuu, hakikuweza kubeba miili minne iliyochorwa kwa utajiri ule, basi X-Men vs. Street Fighter ikafika bila kile kilichokuwa roho yake, kumwita mwenzako aingie badala yako, na fremu nyingi zikiwa zimeachwa. Hata hivyo ilitosha kunionyesha kwamba kuna mtu aliyefanya kazi kwa mapenzi. Utajiri mkubwa ukipunguzwa bado hubaki na kitu.

Ndiyo maana Marvel vs. Capcom: Infinite ya mwaka 2017 iliniuma. Kuna mengi mazuri ndani yake, na wanaoipuuza kabisa wanaionea. Kubadilishana wapiganaji wawili katikati ya pigo ni wazo zuri, mawe sita ya Infinity yanampa kila mtu njia yake, na vidole vinaifurahia kweli. Lakini iangalie. Miili ya pande tatu iliyotengenezwa kwa Unreal Engine 4, ngozi zinang'aa bila uhai. Uso wa Chun-Li ulilalamikiwa tangu gemu haijatoka, hadi Capcom wakaurekebisha. Chun-Li, ambaye nyumba ile ile ilimjenga kwa nukta hata tukamfahamu kwa kivuli chake! X-Men hawakuwemo hata mmoja, kwa hiyo Storm hakuwemo. Evo ya mwaka 2018 haikuiweka katika orodha ya michezo yake mikuu. Na mwaka 2024 mashabiki waliipaka upya gemu nzima kwa hiari yao, bila malipo, wakaipa mistari na vivuli vya kitabu cha michoro. Waliona kazi iliyoachwa njiani na wakaona aibu kwa niaba ya wenyewe.

Watu husema ufundi wa mkono ni ghali, na ni kweli. Mwaka 2013 watengenezaji wa Skullgirls, gemu ya kupigana iliyochorwa fremu kwa fremu na wapenzi wa Marvel vs. Capcom 2, waliomba umma dola 150,000 ili waongeze mpiganaji mmoja. Wengi walishtuka, wakadhani wanaibiwa. Waliokuwa ndani ya kazi walishangaa kwa upande mwingine, kwamba bei ni ndogo. Hapo ndipo nilipoelewa tulikofikia: tumeishi na michoro hiyo tangu utotoni na hatukuwahi kujiuliza iligharimu nini, basi tulipoambiwa bei tukadhani ni uongo.

Hata kuihifadhi ile ya zamani kulikuwa shida. Marvel vs. Capcom 2 ilirudishwa sokoni mwaka 2009 kwa njia ya mtandao, na mwisho wa mwaka 2013 ikaondolewa kwa mambo ya leseni. Kwa zaidi ya miaka kumi hukuweza kuinunua tena mtandaoni kwa halali, mpaka mwaka 2024 Capcom walipozitoa tena gemu hizi katika mkusanyiko mmoja, pamoja na jumba la michoro ya awali. Watu hawamlindi ipasavyo msanii anapokuwa mwajiriwa na shujaa anapokuwa mali ya kampuni nyingine. Mikataba miwili ikipishana, kazi ya mikono mingi inafungiwa stoo.

Sasa Arc System Works, nao wa Japani, wametangaza gemu mpya ya mashujaa wa Marvel, na Storm yumo miongoni mwa waliotajwa mwanzo kabisa. Hao ni mafundi wa kuheshimiwa. Tangu Guilty Gear Xrd ya mwaka 2014 wamekuwa wakitumia miili ya pande tatu kisha wanaipinda kwa mkono, pozi kwa pozi, na kuinyima kompyuta ruhusa ya kulainisha katikati, ili ionekane imechorwa. Waliisoma elimu ya kuacha, ile ile ya wazee wao. Nitainunua. Lakini ni ufundi mwingine: umbo la kompyuta linaweza kurudiwa kesho na kupindwa upya, ilhali mchoraji wa nukta kila pozi alilianza kutoka penseli, na kosa lake likabaki humo pamoja na uzuri wake, kwa miaka thelathini sasa. Katika mapambano haya ya mashujaa wa Marvel, baada ya mwaka 2000 Capcom haikumlipa tena mtu yeyote kufanya kazi hiyo, na sioni dalili ya atakayelipa.