Oksidi ya Shaba Haiyeyuki: Uhakiki wa Lugha ya Kemia

Kila tunapojadili Kiswahili na sayansi, ubishi huwa juu ya nomino: tuseme asidi au tindikali? Lakini nomino zimeshughulikiwa tangu TUKI ilipotoa kamusi yake sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Panapovuja ni kwenye vitenzi, na mada ya oksidi za metali na asidi inalidhihirisha jambo hilo vizuri.

Oksidi ya shaba ni unga mweusi. Ukiutia katika asidi ya salfuriki iliyozimuliwa na kupashwa moto, kisha ukakoroga, weusi hupotea na kimiminika huwa cha buluu. Wanafunzi wetu wa tafsiri wengi wataandika: "Oksidi imeyeyuka katika asidi." Kwa macho ni sawa; kwa kemia ni kosa. Sukari huyeyuka katika chai, na maji yakikauka sukari ni ile ile. Hapa ukikausha kimiminika huupati tena unga mweusi. Utapata fuwele za buluu za salfeti ya shaba, ambazo Kiswahili kina jina lake la zamani, mrututu. Oksijeni ya oksidi imeungana na haidrojeni ya asidi yakawa maji, nayo shaba imebaki na salfeti. Barafu huyeyuka, sukari huyeyuka, na sasa oksidi nayo "huyeyuka". Kitenzi kimoja kinabebeshwa matukio matatu yasiyo na undugu, halafu tunashangaa mwanafunzi akishindwa kuyatofautisha.

Kitenzi cha pili ni "toa". Husemwa kwamba oksidi na asidi "hutoa chumvi na maji". Asomaye "hutoa" hungoja kitu kitoke, na hakitoki. Zinki ikitiwa katika asidi hutoa haidrojeni. Magadi hutoa povu la kabonidioksidi. Oksidi haitoi kiputo hata kimoja. Hiyo ndiyo tofauti ambayo mtahini huiulizia, nasi tunaifuta kwa neno moja. "Huunda" lingetosha. (Neno "chumvi" pia lina mtego wake, maana mrututu ni chumvi na ni sumu, ila huo mwalimu huutegua kwa dakika moja.)

Wapo wasioipenda "menyuka" kwa sababu hukumbusha kumenya, na kinachomenywa huachana na ganda lake tu, ilhali hapa kuna kuachana na kuungana. Hapa Uganda, ambako ndizi humenywa kila siku, hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo mimi naichagua. Katika mazungumzo ya kawaida "menyuka" haina kazi nyingi, hivyo mwalimu anaweza kuijaza maana aitakayo. "Yeyuka" haijaziki, imekwisha kujaa.

Tafsiri ambayo ningeipa alama zote ni hii: "Oksidi ya shaba humenyuka na asidi ya salfuriki, na huunda salfeti ya shaba na maji." Kitenzi "yeyuka" kiachiwe hiyo salfeti, ambayo kweli huyeyuka katika maji yaliyomo chomboni, na ndiyo sababu tunaona kimiminika cha buluu kisicho na tope.