Jando la Askofu Lucas: Nani Mwenye Ufunguo?

Mwanafunzi wa Masasi au Newala akikutana maktabani na makala ya Terence Ranger kuhusu jando la Kikristo, iliyomo katika kitabu alichokihariri pamoja na Isaria Kimambo mwaka 1972, hushtuka kidogo. Kumbe mambo ya nyumbani nayo ni hoja ya wasomi!

Kisa chenyewe si kigeni. UMCA, Waanglikana waliojihesabu Wakatoliki ingawa hawakuwa chini ya Papa, walifika Masasi mwaka 1876 pamoja na watumwa walioachwa huru. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi (1926 hadi 1944), hakutaka kulipiga jando marufuku, wala hakutaka kufumba macho. Tohara ikabaki, mafunzo yakabaki, ila sala za kanisa zikachukua nafasi ya maombi kwa mizimu. Majirani zake wa Ndanda, Wabenediktini wa Kijerumani waliokuwa chini ya Roma, walikuwa wameanza kwa ukali zaidi.

Kuna wasomaji wanaoishia hapo na kumpigia Lucas makofi. Mimi naona wanaharakisha. Hebu tulitazame neno moja tu: kutengwa. Kwa kanisa, aliyetengwa hapokei komunyo. Kwa Wamakua, Wayao na Wamakonde wa wakati ule, asiyepita jandoni ametengwa pia, maana hata awe na ndevu bado ni mtoto. Mkristo akakaa katikati ya kutengwa kuwili, na kwa wengi ule wa kijijini ndio uliouma zaidi. Hapakuwa na Luther wa kubandika hoja mlangoni kama mwaka 1517. Wazazi waliwapeleka watoto jandoni, basi. Ulikuwa upinzani wa miguu, si wa kalamu.

Kwa mtazamo huo, jando la Lucas ni jibu la mamlaka kwa watu ambao tayari walikuwa hawatii. Waliruhusiwa wanachokifanya, lakini ufunguo ukahamia mikononi mwa padri. Je, huko ni kukubali au kumeza? Ranger hamwachii askofu sifa zote, anawaonyesha mapadri na wazee Waafrika wakiwa na mkono wao humo, na hapo namuunga mkono. Aliyepinga kwa sauti aliyaona mengine: Emmanuel Milingo, Askofu Mkuu wa Lusaka, aliitwa Roma mwaka 1982 kwa ajili ya uponyaji wake, akajiuzulu mwaka uliofuata. Alikuja kutengwa rasmi mwaka 2006, kwa kosa jingine la kuwaweka wakfu maaskofu bila idhini. Wazazi wa Masasi hawakumwandikia mtu barua, na askofu ndiye aliyewafuata.

Lakini kwenye unyago wa wasichana ufunguo haukuzunguka vizuri. Padri mwanaume ataingiaje? Kule mamlaka ni ya kungwi, na silaha yake ni wimbo. Sisi wa fasihi simulizi ndipo tunapopaswa kukaa, maana askofu sasa amegeuka mhariri: huu mzuri, huu mchafu, utoke. Mchafu kwa nani? Wimbo wa unyago hutaja mwili kwa sababu unafundisha mwili. Uondoe pale, uwape wasichana nasaha za mimbarini, umebakiza maudhui bila fani, na jamani, hata maudhui yenyewe hayapo tena. Hapa ningependa makala ya Ranger iende polepole zaidi.

Tatizo ni ushahidi. Padri Kolumba Msigala aliacha kumbukumbu zake kwa maandishi, Lucas aliandika makala akijieleza. Kungwi wa Newala hoja yake iko kwenye wimbo, na wimbo hauimbwi kwa kila mtu. Nilipojaribu kuuliza, bibi mmoja alinicheka, akaniambia, "Mjukuu wangu, kamtume dada yako."