Ufundi wa Kungoja

Siku hizi kiongozi akiwaza jambo asubuhi, adhuhuri tamko limeshafika kwenye simu zetu, jioni msemaji wake anatoka kulifafanua, na keshoye linafutwa. Nikichoshwa na hayo humrudia Abraham Lincoln, rais wa Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na karatasi iliyomchukua nusu mwaka: tamko la kuwaweka huru watumwa wa majimbo yaliyoasi.

Aliianza kiangazi cha 1862 katika ofisi ya telegrafu ya Wizara ya Vita, alikozoea kwenda kungojea habari za mapigano. Meja Thomas Eckert alisimulia baadaye kwamba aliandika mstari mmoja au miwili, akatazama dirishani, na alipoondoka akamwachia karatasi aifungie.

Majenerali wake hawakuwa na subira hiyo. Frémont alitangaza uhuru wa watumwa wa waasi huko Missouri mwaka 1861. Lincoln akaitangua amri. Hunter naye akajaribu Mei 1862, yakamkuta hayohayo. Wengi walimwita Lincoln mwoga. Lakini Kentucky, yenye watumwa wake, ilikuwa bado upande wa serikali, na alihofia kwamba ikiponyoka, vita navyo vimekwenda. Tarehe 22 Julai alipowasomea mawaziri rasimu, Seward, waziri wake wa mambo ya nje, alimshauri asubiri ushindi kwanza, maana jeshi lilikuwa limetoka kurudishwa nyuma karibu na Richmond na tamko lingesikika kama yowe la anayezama. Akakubali. Ushindi ulipatikana Antietam tarehe 17 Septemba, tena wa kuokoteza: watu wapatao 23,000 wa pande zote waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Siku tano baadaye akawapa waasi muda hadi Januari mosi warudi chini ya serikali, la sivyo watumwa wao wangetangazwa huru.

Watu hulalamika kwamba tamko lenyewe ni kavu. Ni kavu kweli, na ndiyo sifa yake. Wakati wa amani Katiba haikumpa rais njia ya kugusa utumwa majimboni. Vita vilimruhusu amiri jeshi mkuu kumpokonya adui nguvu zake, na watumwa ndio waliowalimia waasi na kuwachimbia mahandaki. Kwa hiyo aliandika amri ya vita, akaacha mahubiri kwa wengine. Wanaume weusi takriban 180,000 wakaishia kuvaa sare za jeshi lake. Ulaya nako, serikali ya Uingereza iliyokuwa ikijadili kuingilia kati iliona aibu kusimama na wenye watumwa.

Lakini kinachonivutia zaidi ni asubuhi ya 1 Januari 1863. Nakala safi ililetwa aitie saini, naye akaona karani amekosea maneno ya kufungia, ameweka yale ya mikataba. Watu weusi walikuwa wamekesha makanisani wakiingojea saa hiyo. Akairudisha iandikwe upya! Leo nani angethubutu, na kamera ziko mlangoni? Akaenda kupeana mikono na wageni wa mwaka mpya kwa saa kadhaa, na aliporudi mkono ulikuwa unatetemeka. Akaiweka kalamu chini, kwani saini ikiyumba watu wangesema alisita. Mkono ulipotulia, akaandika jina lake kamili, yeye aliyezoea kuandika A. Lincoln tu.



Na bei ya ufundi huo hakuilipa fundi. Tamko liliyaruka majimbo yaliyobaki tiifu. Mtumwa wa Kentucky alisikia wenzake wa Mississippi wametangazwa huru, akaamkia shamba lilelile la bwana wake, na wapo walioendelea hivyo mpaka Katiba iliporekebishwa Desemba 1865.