Kitufe cha tafsiri hakizai tovuti ya Kiswahili

KIFUNGU cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 kinatamka mambo mawili bila kuficha. Kwanza, Kiswahili ndiyo lugha ya taifa. Pili, Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha rasmi. Kifungu cha 35 nacho kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Ukivisoma vifungu hivi kwa pamoja, unapata swali ambalo wahakiki wa lugha hatujaliuliza vya kutosha: raia anayetafuta habari za umma mtandaoni kwa Kiswahili, je, anazipata?

Jibu la taasisi nyingi ni kitufe. Unafungua tovuti, kila kitu ni Kiingereza, kisha pembeni unaona kijisanduku chenye orodha ya lugha. Unachagua Kiswahili, unasubiri kidogo, na maneno yanabadilika. Basi msimamizi wa tovuti anatangaza kwamba taasisi yake inawahudumia Wakenya kwa lugha mbili.

Makala haya yanapinga dai hilo. Kitufe cha kutafsiria hakizai tovuti ya Kiswahili. Anayenufaika nacho ni yule ambaye tayari ameshaifikia tovuti yenyewe, na mara nyingi ameifikia kwa Kiingereza. Asiyekijua Kiingereza amebaki nje ya mlango.

Hebu tutazame jinsi watu wanavyofika kwenye tovuti. Ni wachache mno wanaoandika anwani kamili. Wengi hushika simu, wakaandika maneno matatu manne kwenye injini ya utafutaji kama Google, wakafungua moja kati ya majibu ya mwanzo. Google, kampuni iliyoanzishwa na Larry Page na Sergey Brin mwaka wa 1998, haizunguki dunia nzima wakati ule unapouliza. Ina programu zinazozuru kurasa mapema, zikifuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Zinasoma maandishi zinayoyakuta na kuyapanga katika faharasa kubwa. Ukiuliza, jibu linatoka katika faharasa hiyo. Kila mwanafunzi aliyewahi kutumia faharasa ya kitabu anajua tabia yake: neno lisiloorodheshwa hulipati, hata kama wazo lenyewe limejaa kitabuni.

Sasa, programu hizo hazina kawaida ya kuchagua lugha kwenye kijisanduku. Tafsiri ya kitufe hufanyika ndani ya simu ya mgeni baada ya yeye kukibonyeza, na akiondoka inatoweka. Anwani ya ukurasa hubaki ileile. Kwa hivyo kinachoingia katika faharasa ni Kiingereza peke yake. Mama aliyeko Kwale, ambaye mwanawe anadaiwa cheti shuleni ili asajiliwe kwa mtihani, akiandika "jinsi ya kupata cheti cha kuzaliwa", ukurasa wa Kiingereza hauna hata neno moja la kumwitikia. Atakachopata pengine ni video ya mtu asiyemjua au maelezo ya miaka iliyopita. La sivyo, ataenda saiba na kumlipa kijana amsomee na kumjazia fomu. Gharama ya uamuzi wa msimamizi wa tovuti imehamia mfukoni mwa mama huyo.

Wataalamu wa injini hizo wenyewe hawajaficha wanachotaka. Mwongozo ambao Google huwapa wenye tovuti unapendekeza kila lugha iwe na anwani yake. Unapendekeza pia ukurasa mmoja utumie lugha moja, katika habari zake na katika vitufe vyake. Aidha, unaeleza kwamba lugha ya ukurasa hutambuliwa kutokana na maandishi yanayoonekana, wala si kutokana na alama iliyofichwa ndani ya msimbo. Natamani kila mwalimu wa Kiswahili ayasome maelezo hayo. Maana yake ni kwamba hakuna hila ya kiufundi inayoweza kuufanya ukurasa uwe wa Kiswahili. Sharti uandikwe kwa Kiswahili.

Alama ya msimbo ina kazi nyingine, nayo ni muhimu. Katika mfumo wa kimataifa wa ISO 639-1, Kiswahili kimepewa herufi "sw". Programu zinazowasomea vipofu yaliyomo kwenye skrini huitegemea alama hiyo ili kuchagua matamshi. Ukurasa wa Kiswahili ukipachikwa alama ya Kiingereza, kama inavyotokea pale mtengenezaji anaponakili kiolezo bila kukikagua, maneno kama "wake", "pole" na "mate" yatatamkwa Kizungu. Msikilizaji atabaki kubahatisha. Herufi mbili tu zingemwondolea taabu hiyo.

Hata pale ambapo ukurasa umeandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, kuna kosa la pili, nalo linatuhusu sisi watu wa lugha moja kwa moja. Ni kosa la kuchagua maneno. Kichwa cha ukurasa ndicho injini ya utafutaji hukionyesha kwanza katika orodha ya majibu, na ndicho mgeni hukitumia kuamua kama atafungua au atapita. Ofisi ikiandika "Huduma za Usajili wa Matukio ya Kiraia", sarufi haina kasoro na hadhi ya ofisi imelindwa. Lakini nani huyatafuta matukio ya kiraia? Watu hutafuta cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo, kitambulisho kilichopotea. Kichwa kinachofaa ni kile kinachotumia maneno hayo: "Cheti cha kuzaliwa: mahitaji, ada na mahali pa kuomba".

Najua wapo wenzangu watakaosema kwamba huku ni kuishusha lugha. Sikubaliani nao. Tumewafundisha watoto shuleni "tarakilishi", "rununu" na "mdahalishi", na sina ugomvi na istilahi hizo. Lugha isiyojiundia maneno hudumaa. Hata hivyo, mtu ambaye kioo cha simu yake kimevunjika ataandika "kutengeneza simu", hataandika "kukarabati rununu". Mwandishi wa tovuti anayeng'ang'ania istilahi ya kitabuni katika kichwa cha ukurasa anajiandikia mwenyewe. Njia ya busara ni kuweka neno la watu kwenye kichwa na katika aya ya kwanza, kisha kuingiza istilahi rasmi ndani ya maelezo. Hapo msomaji atajifunza neno jipya akiwa tayari amepata alichokijia. Istilahi husambaa kwa kukutana na watu, na haiwezi kukutana nao kwenye ukurasa usiofunguliwa.

Hapa pia umbo la Kiswahili lina lake la kudai. Katika Kiingereza umoja na wingi hutofautiana zaidi mwishoni mwa neno. Kwetu mabadiliko mengi huja mwanzoni: cheti na vyeti, kitambulisho na vitambulisho, ukurasa na kurasa. Vitenzi ndivyo vimezidi: kulipa, nitalipa, analipwa, malipo, ulipaji, kulipia. Mtu mmoja atauliza "kulipa karo kwa simu", mwingine "malipo ya karo". Mwandishi stadi hahitaji kukisia ni umbo lipi litakalotumika. Akieleza jambo kwa ukamilifu, maumbo hayo yatajitokeza yenyewe: kichwa kitataja malipo, maelezo yatasema jinsi ya kulipa, onyo litasema karo ikishalipwa hairejeshwi. Maelezo mazuri ya Kiswahili huwa tayari yamebeba maneno ya watafutaji wengi.

Lakini isifikiriwe kwamba dawa ni kurudiarudia. Kuna waandishi wa mitandaoni waliosikia kwamba injini hupenda maneno yanayotafutwa, wakaanza kuyamwaga kama chumvi: nafasi za kazi leo, nafasi mpya za kazi, ajira mpya za leo, kazi leo leo. Unafika aya ya sita bado hujaambiwa kazi ni ipi. Injini za kisasa huuhesabu mtindo huo kuwa ulaghai na huweza kuushusha ukurasa. Msomaji naye hahitaji injini imwambie kwamba anachezewa. Huondoka. Kanuni ni ileile tunayowafundisha wanafunzi wa insha: mada itajwe mapema na ifafanuliwe, isiimbwe.

Kosa la tatu limo katika maneno madogomadogo ya kumwelekeza mgeni. Tovuti nyingi za Kiswahili zimeandika "Nyumbani" pale ambapo mgeni anatakiwa kurejea kwenye ukurasa wa kwanza. Nyumbani kwa nani? Mtu yuko kwenye tovuti ya zahanati, anataka kurudi alikoanzia, anaambiwa aende nyumbani! Wikipedia ya Kiswahili imeuita ukurasa wake wa kwanza "Mwanzo", na neno hilo linatosha kabisa. Neno moja likitafsiriwa bila muktadha huzaa vituko vya aina hii: kuhifadhi faili kunaweza kugeuka kuwa kuokoa, na kuweka miadi kukageuka kuwa kitabu. Mwenye tovuti asiyeajiri mhariri wa Kiswahili hatajua kwamba wageni wake wanacheka, au wamepotea.

Katika kundi hilohilo namtia "bonyeza hapa". Kiungo kilichoandikwa hivyo hakimwambii mtu kinampeleka wapi. Kipofu anayesomewa viungo kimoja baada ya kingine atasikia "hapa, hapa, hapa" mara kumi. Injini ya utafutaji nayo hutumia maneno ya kiungo kukisia ukurasa unaofuata unahusu nini, na "hapa" haimpi mtu wala mtambo habari yoyote. Andika "pakua fomu ya basari" na wote watatu watakuwa wamehudumiwa: anayeona, asiyeona na mtambo.

Nisisahau matangazo ya picha. Taasisi zetu zina mazoea ya kuchapisha tangazo, kulipiga muhuri, kulipiga picha na kulibandika kwenye tovuti. Muhuri unaonekana vizuri sana. Maneno yenyewe yamefungiwa ndani ya picha, ambamo mtambo huyasoma kwa taabu na programu ya kipofu huenda isiyasome kabisa. Picha hiyo pia ni nzito, na mgeni wa Kenya hulipia uzito kwa bando. Google ilitangaza mwaka wa 2016 kwamba inaanza kuzitathmini tovuti kwa jinsi zinavyoonekana kwenye simu, na mwaka wa 2018 ikaufanya wepesi wa kufunguka kwa simu kuwa mojawapo ya vigezo vyake. Tangazo lililoandikwa kwa maandishi ya kawaida hufunguka haraka, hunakilika, hutafutika na husomeka kwa sauti. Picha yenye muhuri, ikilazimu, iwekwe chini yake.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni methali hiyo ina ukweli, kwa sababu mnunuzi hupita akaiona bidhaa. Mtandaoni ukurasa mzuri usiosomeka na injini ni bidhaa iliyofungiwa stoo. Na hapa lawama haiwezi kuishia kwa maafisa wa Serikali. Tembelea tovuti za vyuo vikuu vyetu na usome kurasa za idara za Kiswahili. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, kuanzia historia ya idara hadi maelezo ya kozi. Kijana anayetafuta kwa Kiswahili mahali pa kusomea shahada ya Kiswahili hana atakachokipata kutoka kwa wale wanaomtaka aje. Idara isiyoweza kujitambulisha kwa lugha inayoifundisha haina uso wa kuidai kaunti ifanye hivyo.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, taasisi ichague kurasa kumi zinazohitajiwa zaidi na wananchi na kuziandika upya kwa Kiswahili, kila moja na anwani yake. Kurasa kumi zilizoandikwa kwa makini zina manufaa kuliko elfu moja zilizogeuzwa na kitufe. Pili, kabla ya kuandika kichwa, mwandishi awaulize wanaopokea wageni pale dirishani: watu hufika wakisema wanataka nini? Maneno hayo, kama yalivyosemwa, ndiyo malighafi ya kichwa. Tatu, mhariri wa Kiswahili aajiriwe kwa kazi ya tovuti kama anavyoajiriwa kwa kazi ya kitabu. Wahitimu wa isimu na tafsiri wapo, tena wengi hawana kazi.

Kila Julai 7 tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka wa 2021. Hotuba hutolewa na mashairi hughanwa. Taasisi inayotaka kuiadhimisha kwa vitendo inaweza kufanya jaribio dogo siku hiyo. Ishike simu, iandike kwa Kiswahili jina la huduma yake moja, jinsi mwananchi wa kawaida angeliandika, kisha ihesabu itateremka majibu mangapi kabla ya kujiona.