Lugha ya Menyu: Fundisho la Thika

Uhakiki, ambao aghalabu hushughulika na ushairi, tamthilia na riwaya, haujaitazama vya kutosha matini isomwayo kila siku na mamilioni ya Wakenya: menyu ya simu ya mkononi. Matini hiyo ni fupi, lakini msomaji wake akiteleza hupoteza pesa.

Yafaa kuanzia Thika. Mwezi wa Oktoba 2005, M-PESA ilianza kujaribiwa Nairobi na Thika kwa ushirikiano wa Vodafone, Safaricom na Faulu Kenya. Nia ya wabunifu ilikuwa kuwawezesha wakopaji kurejesha mikopo kwa simu. Watumiaji, hata hivyo, waliifasiri huduma hiyo kwa namna yao: walilipana wenyewe kwa wenyewe, na wengine waliweka pesa mwanzo wa safari wakazichukua mwishoni. Wabunifu wakasikia, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007, wito wake ulikuwa kutuma pesa nyumbani. Ni dhahiri kwamba maana ya chombo, kama ile ya kazi ya fasihi, hukamilishwa na mpokeaji.

Kipimo hicho chafaa kutumiwa kwa lugha pia. Tangazo “Lipa na M-PESA”, lililoenea tangu 2013, huonekana madukani kutoka Ruiru hadi Thika. Mtetezi wa usanifu atasema kwamba ala huonyeshwa kwa “kwa”, ilhali “na” ni ya uandamani. Basi tangazo ni tafsiri sisisi ya Kiingereza. Lakini katika Kiswahili cha bara “kata na kisu” ni usemi wa kawaida, na mnunuzi wa Ruiru hakwami hapo. Kinyume chake, “toa pesa” haina kosa la sarufi, lakini ina utata: kutoa ni kuchukua kilichohifadhiwa, na pia ni kumpa mwingine. Asiyeizoea menyu huweza kusita.

Kwa hiyo usanifu peke yake hautoshi kuwa mizani. Jina “Hakikisha”, lililopewa hatua inayomwonyesha mtumaji jina la mpokeaji, lina ubora wa pande mbili: ni fasaha, na humweleza msomaji afanye nini kabla majuto hayajamfika. Menyu njema ni ile ambayo msomaji wake hujua litakalotokea kabla hajabonyeza. Hukumu hiyo haitolewi ofisini. Hutolewa sokoni Thika.