Ufundi wa Kuifuata Hewa

Katika Cessna 172 ya miaka ya 1970, kipimo cha mlalo wa ndege na kile cha mwelekeo kwa kawaida haviendeshwi na umeme bali na hewa. Pampu ndogo iliyofungwa nyuma ya injini huifyonza kutoka chumba cha rubani. Hupita kwenye chujio, huzungusha magurudumu ya jairoskopu yaliyo ndani ya vipimo hivyo kwa kasi kubwa, kisha hutolewa nje. Injini ikiwa kwenye mwendo wa safari, mshale wa kipimo cha mvuto ukisimama kati ya inchi 4.5 na 5.5 za zebaki, hakuna neno.

Mfumo huu ukiharibika haupigi kelele. Jairoskopu iliyokosa hewa hupungua kasi taratibu, kipimo cha mlalo kikaanza kuegama, na rubani aliye mawinguni akakifuata.

Fundi hodari hakimbilii pampu, ingawa ndiyo hulaumiwa kwanza. Huanzia hewa inapoingia. Chujio kuu huziba kwa vumbi na, katika ndege iliyoonja zama za wavuta sigara, kwa lami ya moshi. Mipira nayo hukauka na kupasuka chini ya vibano, au hujikunja mahali pasipofikika ila kwa kulala chali chini ya dashibodi.

Mtego mkubwa uko kwenye vali ya kudhibiti mvuto. Vali hii huingiza hewa ya ziada kupitia chujio lake yenyewe. Chujio hilo likiziba, hewa ya ziada hupungua na mvuto hupanda. Mwenye haraka hukaza au kulegeza skrubu ya vali mpaka mshale urudi mahali pake, akaondoka ameridhika. Miezi baadaye mwingine anabadilisha chujio, mvuto unaporomoka, na pampu nzima inang'olewa bure. Kwa hiyo skrubu haiguswi kabla ya machujio kukaguliwa.

Pampu yenyewe, ikiwa ya aina kavu isiyolainishwa kwa mafuta, ina mapanga ya kaboni yanayojilainisha yenyewe kwa kulika, nayo huvunjika ghafla. Mafuta yanayovuja kwenye sili ya injini huiua, na dawa ya kuoshea injini vilevile. Kabla ya kufunga mpya, chanzo cha kifo cha ile ya kwanza kitafutwe, na vipande vya kaboni visafishwe kwenye mipira. Utepe wa kuzibia nyuzi za viungio hautumiki hapa. Kipande chake kimoja kikifyonzwa ndani chatosha kuharibu kazi yote.

Sikio pia ni kifaa. Injini ikizimwa, jairoskopu nzima huendelea kuvuma kwa dakika kadhaa. Inayokwaruza na kusimama mapema ina beringi zilizochoka, hata mvuto ukiwa timamu.

Mwisho injini hupandishwa mwendo na mshale kutazamwa. Kushuka kwake injini inapozunguka polepole si ugonjwa. Saa za pampu mpya huandikwa kitabuni, kwa kuwa kipimo cha mvuto hakionyeshi kaboni imelika kiasi gani.